Waya wa Rangi ya Chungwa

Chumba namba tisa, Soroti, saa mbili na robo asubuhi.
Meza sita, kompyuta nne,
na kipimajoto ambacho Mwalimu Okwakol hukifunika kwa kitambaa
kama mtoto mwenye homa.

Nilidhani kuandika programu ni kuandika.
Nilikuja na kalamu mbili na daftari la mistari,
nimekariri amri hadi ulimi umekufa ganzi.
Mwalimu akatunyamazisha kwa kiganja:
"Leo hatuandiki. Leo tunachora."

Kisanduku hapa. Kisanduku pale.
Kati yao waya, unauvuta kwa kipanya
polepole, kama anayetafuta tundu la sindano.
Wa chungwa hubeba namba zenye desimali,
wa buluu namba kamili,
wa waridi maneno,
wa kijani una mawili tu: ndiyo, siyo.
Chomeka wa waridi panapotaka chungwa
na mshale wa kuanzishia unavunjika vipande viwili,
haukubali, hata ubonyeze kwa hasira,
hata kama ada umelipa yote.

Mimi sikuwa nimelipa yote.

"Kisanduku," akasema Okwakol, "hakina haraka.
Kina milango mitatu? Kitangoja watatu.
Wakifika wawili kinawapokea, kinakaa nao kimya.
Akifika wa tatu, ndipo kazi."
Wenzangu wakanakili. Mimi nikacheka kooni, peke yangu:
hicho kisanduku nakijua, nimelala ndani yake
tangu Februari.
Barua ya chuo imefika.
Godoro kwa shangazi kule Opuyo limefika.
Bado mlango wa tatu, ule wa karanga za baba
zilizonyeshewa uani Serere kabla hazijakauka.

Ejoku akachora kitanzi, ili feni izunguke tena na tena.
Neno lenyewe, kitanzi!
Baba, aliyekuwa askari kambi ya Moroto,
aliyenifundisha Kiswahili hiki kwa amri na kwa matusi,
angeuliza kwanza nani ananyongwa.
Feni ikazunguka. Ikazunguka.
Karatasi zikaruka hadi dirishani,
Ejoku akibonyeza kila kitu
isipokuwa kile alichosahau kukichora:
kitufe cha kusimama.
Okwakol akang'oa plagi ukutani.
"Msiitukane mashine," akasema, akihema kidogo.
"Imetii."

"Zamu yako, Asekenye."

Nikafumbata ncha ya kipimajoto kiganjani.
Kwenye kioo, mstari ukaamka:
ishirini na nane nukta tano,
thelathini na moja nukta mbili,
ukapanda bila mimi kuandika hata herufi,
thelathini na tatu nukta saba,
na ulikuwa mkono wangu ule,
mkono uliochambua karanga zenye ukungu,
mbovu huku, mbovu huku, nzima moja,
sasa unapita ndani ya waya wa chungwa
na hakuna aliyeuliza risiti.

Nikaanza kuchora haraka.
Sanduku la bati. Trei tatu. Balbu mbili.
Joto likishuka chini ya thelathini na tano
waya wa kijani useme ndiyo, balbu ziwake;
likipanda, siyo, zipumzike.
Na kitufe cha kusimama, kikubwa, chekundu,
nilikichora kabla ya kitanzi chenyewe.
Okwakol alisimama nyuma yangu muda mrefu.
Hakusifu. Alinisogezea kiti chake.

Saa tano kasorobo umeme ukakatika.
Feni ikafa ikilalamika, vioo vikawa vyeusi,
na mimi nilikuwa sijahifadhi kitu.

Wengine wametoka kununua chapati.
Nimefungua daftari langu la mistari,
nachora kisanduku kwa kisanduku kabla sijasahau,
mlango kwa mlango.
Kalamu ninazo mbili, zote za buluu.
Kando ya kila waya nimeandika kwa herufi ndogo:
huu ni chungwa.
Huu ni kijani.
Huu bado sijui.